Leseni ya Siku Moja

Haruo Nakajima alikuwa Godzilla, dubwana la sinema ya Japani, kuanzia mwaka 1954 hadi 1972, katika filamu 12, na katika kazi hiyo hakuna mtazamaji aliyemwona uso. Vazi la kwanza alilotwishwa lilikaribia kilo 100. Ndani yake hewa ilikuwa haba, taa za studio zilichemsha mpira, na alipovuliwa fulana yake ilikamuliwa jasho. Kamera ilipiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida, ili filamu ikionyeshwa mwendo wake uonekane wa taratibu na mzito, kama wa kitu chenye urefu wa mita 50. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyelemewa na mzigo ndiye aliyetakiwa kujitahidi atembee haraka. Hapakuwa na mwalimu wa kazi hiyo. Nakajima alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Ueno, Tokyo, akawatazama tembo na dubu jinsi wanavyokanyaga ardhi, akajifunza kwao.

Wazo la kumvisha mtu dubwana lilizaliwa na haraka. Eiji Tsuburaya, fundi mkuu wa ujanja wa picha katika studio ya Toho, alikuwa ameipenda sana King Kong ya mwaka 1933, ambamo sokwe alikuwa mwanasesere aliyesogezwa kidogokidogo na kupigwa picha mojamoja. Alikadiria kwamba kwa njia hiyo filamu ingemchukua miaka 7. Studio ilitaka miezi. Tarehe 1 Machi mwaka 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa ndani ya meli ya Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao alifariki Septemba. Ilipofika tarehe 3 Novemba mwaka huohuo, dubwana lililoamshwa na bomu lilikuwa tayari limepanda nchi kavu kwenye kumbi za sinema, likikanyaga mji uliojengwa kwa kipimo cha moja kwa 25. Waliolipia tiketi walikuwa watu waliowahi kuiona miji yao ikiungua kweli.

Biashara ya sinema ya Japani iliporomoka baadaye. Tsuburaya alifariki Januari 1970, studio ikapunguza watu, na Nakajima akahamishiwa kwenye ukumbi wa mchezo wa boling uliokuwa mali ya kampuni ileile. Huwa nakwama kwenye jambo hili. Mtu aliyekuwa umbo la hofu ya taifa zima anapanga viatu vya wateja, au anafanya lolote alilopangiwa humo, na mteja anayelipa hana habari.

Waliomtafuta walikuwa mashabiki, na wengi walikuwa mbali sana na Tokyo. Filamu hizi zilipofika Marekani zilitiwa sauti za Kiingereza, zikakatwa vipande, na mara nyingi majina ya waliozitengeneza yakafupishwa au kuachwa. Kijana aliyeziona kwenye televisheni ya Jumamosi hakuwa na njia rahisi ya kujua nani aliongoza, nani alijenga mji, nani alikuwa ndani ya ngozi ile. Mwaka 1968, huko Ohio, Greg Shoemaker alianzisha jarida dogo la mashabiki lililoitwa Japanese Fantasy Film Journal, akalitoa hadi mwaka 1983. Ukisikia jina hilo unaweza kudhani ni chuo kikuu kilicholitoa, lakini kazi yake ilikuwa ya uvumilivu wa mtu wa kawaida: kuulizia, kulinganisha nakala, kukusanya picha, kuandika orodha sahihi. Miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Manitoba, Kanada, J. D. Lees, akaanza jarida la G-FAN, na kutokana nalo ukazaliwa mkutano wa kila mwaka wa G-FEST, karibu na Chicago. Huko watu huja na mavazi waliyoshona wenyewe, sanamu walizozipaka rangi, na filamu fupi walizopiga uani kwao. Nakajima alialikwa Marekani akiwa mzee. Watu walipanga foleni kumshika mkono. Walijua filamu zake kwa mwaka, na walijua namna yake ya kuinamisha bega, ambayo iliwawezesha kumtambua ndani ya vazi lolote.

Nilipozijua filamu za madubwana kwa mara ya kwanza, zilikuwa kwenye kanda zilizonakiliwa mara nyingi hata rangi zikawa zimechujuka, na mwenye banda la video alizima mara tu vita vya mwisho vilipokwisha, maana wateja wa onyesho linalofuata walikuwa wameshasimama mlangoni. Majina hayakutufikia kabisa. Tuliamini dude lile lilikuwepo tu, kama mvua ilivyopo. Ndiyo sababu habari za mashabiki hawa zilinigusa zaidi ya filamu zenyewe. Walikuwa na kanda mbovu kama zetu, lakini waliuliza swali ambalo sisi hatukuuliza: ni nani huyu?

Siku hizi nalibeba swali hilo. Ukipita Mji Mkongwe, Unguja, utaona wageni na wenyeji wakipiga picha mbele ya milango ya nakshi, na fundi aliyeinamia mbao zile hakuna anayemtaja. Nimeanza kuuliza. Mara nyingi sipati jibu, lakini mara mojamoja mzee aliyeketi barazani hunyanyua kichwa, akataja ukoo, akataja mtaa, na mazungumzo yanageuka kuwa ya saa nzima. Kumpenda mtu aliye nyuma ya kazi ni adabu ambayo kumbe inaweza kufunzwa, na mimi nilifunzwa na watu wazima wanaovaa mikia ya mpira.

Ukishajua nani alitengeneza na kwa njia gani, mikono huanza kuwasha. Hapa ndipo jumuiya ya mashabiki wa madubwana inaponivutia kuliko nyingine zote za washabiki wa filamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Japani waliokua na filamu hizi walikuwa hawaridhiki na vidude vya kuchezea vilivyouzwa madukani. Vilikuwa vya watoto, vya mviringo, vyenye kutabasamu. Wao walitaka dubwana lile walilolikumbuka, lenye magamba yake, lenye mkunjo ule hasa wa shingo ya mwaka fulani. Basi wakaanza kufinyanga wenyewe. Katika Osaka, duka dogo la sanamu za kuunganisha la Kaiyodo, lililofunguliwa mwaka 1964, likawa kijiwe cha watu wa namna hiyo, na mwaka 1982 likafunguliwa jingine, General Products, la wanafunzi na marafiki waliokutana kupitia hadithi za kisayansi. Kazi zao zilipata jina la vifaa vya gereji, kwa kuwa zilitengenezwa kwa kiasi kidogo, nyumbani, na watu wasio na kiwanda.

Niruhusuni nieleze hatua zake, kwa kuwa uzuri wenyewe umo ndani ya hatua. Mfinyanzi hutengeneza dubwana zima kwa udongo maalumu au kwa bandiko linalogandika, akichora kila kunyanzi kwa sindano. Kisha hulikata: mikono, mkia, taya, miiba ya mgongoni, kila kimoja peke yake. Kila kipande hufunikwa kwa mpira wa silikoni ili kupata kalibu, na ndani ya kalibu humiminwa rezini inayokauka ndani ya dakika chache. Kalibu ya namna hiyo huchakaa upesi. Baada ya kumiminwa makumi kadhaa ya mara, mpira huanza kuchanika na alama nyembamba hufutika. Anayenunua naye hapati kitu kilichokamilika. Anapata mfuko wa vipande vyenye rangi ya maziwa au kijivu. Inambidi avioshe mafuta, akate makapi ya pembeni, azibe matundu ya hewa, atoboe na kuingiza vijiti vya shaba ili viungo vishikane, apake rangi ya msingi, ndipo aanze kupaka rangi zake. Sanamu moja iliyofinyangwa na mtu mmoja hufika kwenye nyumba nyingi ikawa sanamu nyingi tofauti, kwa kuwa kila mnunuzi ni mshirika wa kazi.

Lakini Godzilla ana mwenyewe. Umbo lile ni mali ya kampuni, na sheria ya hakimiliki inatambua hivyo. Mtu akifinyanga kwa mapenzi na kuuza bila ruhusa, amevunja sheria, hata moyo wake uwe safi kiasi gani. Katika nchi nyingi mambo yangeishia hapo: barua ya wakili, meza kukunjwa, vijana kutawanyika.

Japani mambo hayakuishia hapo. Katikati ya miaka ya 1980 vijana wa General Products walianzisha maonyesho yaitwayo Wonder Festival, ambayo baadaye, mwaka 1992, yalichukuliwa na Kaiyodo na hadi leo hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi na majira ya joto, siku hizi kwenye kumbi za Makuhari Messe huko Chiba. Waandaaji wake walikwenda kuzungumza na wenye mali, wakapata makubaliano ninayoyaona kuwa moja ya mambo ya busara kuliko yote niliyoyasikia katika biashara ya sanaa. Yanaitwa leseni ya siku moja. Mfinyanzi wa nyumbani hupeleka maombi miezi kabla, pamoja na picha za kazi yake. Mwenye mali huitazama. Akiridhika, hutoa ruhusa ya kuuza idadi fulani ya nakala, ndani ya ukumbi ule, siku ile tu, naye hulipwa sehemu yake. Maonyesho yakifungwa, ruhusa imekwisha. Anayetaka kuuza tena msimu mwingine huomba upya.

Nimeyatafakari makubaliano haya kwa muda mrefu. Mtu anarudi kazini jioni, anakula, anakaa mezani na sindano yake, wiki baada ya wiki, akijua kwamba kazi yote hiyo ina siku moja ya kusimama hadharani. Hesabu ya fedha haieleweki. Gharama za silikoni, rezini, meza ya ukumbini na nauli humeza mapato. Lakini ukiiangalia kwa jicho lingine, siku moja ni kitu kikubwa. Ni tarehe. Wengi wetu kazi zetu za mapenzi hufa kwa kukosa tarehe: riwaya iliyo kwenye daftari, wimbo uliorekodiwa nusu kwenye simu, ile bustani ya mwaka kesho. Hawa wana siku ambayo mlango utafunguliwa saa fulani, na upande wa pili wa mlango kuna watu watakaojua, kwa kutazama tu, kwamba ule ni mkia wa mwaka 1964 na si wa mwaka 1962. Kuonekana na watu wanaojua kutazama, hata kwa saa chache, ni malipo ambayo sijapata kuyadharau tangu nilipoyaelewa.

Na upande wa mwenye mali pia nauheshimu. Alikuwa na nguvu ya kukataza, akachagua kuweka mpaka ambao watu wanaweza kuishi ndani yake. Wazazi, walimu na mabosi tunayo nafasi ya namna hii karibu kila wiki. Kijana anataka kugusa kitu chetu: jiko, chombo cha kazi, gari, jina la familia. Jibu la haraka ni hapana, na jibu la uvivu ni fanya utakavyo. Kati ya hayo mawili kuna ruhusa yenye siku, yenye mahali, yenye idadi. Inahitaji mtu mzima akae atazame kazi ya kijana kwa makini kabla ya kujibu, na nadhani ndiyo maana ni adimu.

Kuna wanaolichafua jambo hili. Wapo wanaonunua sanamu moja pale ukumbini, wakaitengenezea kalibu yao, wakamimina nakala mamia na kuziuza mtandaoni kwa bei ya kutupa. Kwangu huo ni wizi, tena wizi mchungu, kwa sababu anayeibiwa si kampuni yenye mawakili. Ni karani au fundi umeme aliyetumia usiku wake. Mashabiki wa kweli huwatambua wauzaji hao na kuonyana. Ningependa waonyane kwa sauti kubwa zaidi.

Vijana waliokuwa nyuma ya duka la General Products walikuwa pia na kundi la kupiga filamu, Daicon Film. Mmoja wao alikuwa Hideaki Anno, mwanafunzi wa chuo cha sanaa. Mwaka 1983 kundi hilo lilikamilisha filamu ya Ultraman, lile jitu la televisheni linalopigana na madubwana, kwa kamera ndogo ya milimita 8 na fedha za kuokoteza. Majengo na mitambo mingi ilikuwa ya karatasi. Anno mwenyewe ndiye aliyecheza Ultraman, na hakuvaa kinyago: uso wake, nywele zake na miwani yake vilionekana wazi juu ya mji wa karatasi. Mtu anaweza kucheka dakika ya kwanza. Dakika ya tatu kicheko kinakatika, kwa kuwa kila kitu kingine kimefanywa kwa umakini mkubwa: pembe ya kamera, moshi, ukimya kabla ya pigo. Wale vijana hawakungoja wapate vazi ndipo waanze. Waliweka nguvu zao zote kwenye yale waliyoweza kuyafanya vizuri, na yasiyowezekana wakayaacha yaonekane bila haya.

Rafiki yao Shinji Higuchi alikuwa kijana mdogo alipopata kibarua kwenye Godzilla ya mwaka 1984. Miaka 32 baadaye, mwaka 2016, Toho iliwakabidhi yeye na Anno dubwana lenyewe. Anno aliandika na kuongoza Shin Godzilla akishirikiana na Higuchi, nayo ikapewa tuzo ya filamu bora ya mwaka nchini Japani. Lakini kinachonifanya nimheshimu Anno zaidi ni jambo alilofanya kabla ya hapo. Mwaka 2012, alipoona kwamba kompyuta inachukua nafasi ya ufundi wa mikono na studio zinatupa majengo madogo, mavazi na ndege za zamani, aliandaa maonyesho makubwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la Tokyo, akavikusanya vifaa hivyo na kuwaonyesha watu. Juhudi zake na za wenzake ziliendelea, na mwaka 2020 kikafunguliwa kituo cha kuhifadhi vifaa hivyo katika mji wa Sukagawa, Fukushima, alikozaliwa Tsuburaya. Ukifika unakuta rafu za maghorofa ya mfano yaliyonusurika kukanyagwa.

Si kila shabiki huacha kazi yake akawa mwongozaji, wala si lazima. Katikati ya miaka ya 1980 Toho iliwaalika watu wote wapeleke hadithi za filamu ijayo, na zaidi ya hadithi 5,000 zikapelekwa. Iliyochaguliwa iliandikwa na Shinichiro Kobayashi, daktari wa meno. Alijiuliza angefanya nini kama binti yake angefariki, na kutokana na hofu hiyo akapata mwanasayansi anayejaribu kuihifadhi roho ya mwanawe ndani ya ua la waridi, hadi ua likawa dubwana. Filamu hiyo, iliyotoka Desemba 1989, iliongozwa na Kazuki Omori, ambaye naye alikuwa amesomea udaktari. Nikiiona Biollante, yaani ua hilo lililogeuka dubwana, ikinyanyua mizizi yake kutoka ziwani, namfikiria baba aliyetoka kliniki jioni, akaandika kile asichoweza kukisema mezani wakati wa chakula. Wapo wanaodhani filamu za madubwana ni za watu waliogoma kukua. Hofu ya kumzika mtoto ni hofu ya mtu mzima kabisa, na huyu aliona mahali pekee panapoitosha kwa ukubwa ni ndani ya dubwana.

Kwa Godzilla Minus One ya mwaka 2023, Takashi Yamazaki, mwongozaji aliyelipenda dubwana hili tangu zamani, alikuwa na timu ya watu 35 tu kwa picha 610 zenye ujanja wa kompyuta. Mmoja wao alikuwa Tatsuji Nojima, mwenye umri wa miaka 25. Nojima alikuwa na mazoea ya kutengeneza maji kwenye kompyuta yake kwa kupenda tu, mawimbi na povu, bila kuagizwa. Siku moja Yamazaki akayaona. Bahari ni kitu kigumu mno kuigiza, na studio ndogo huikwepa. Yeye alipoona kwamba ofisini mwake kuna mtu anayeiweza, aliipa bahari nafasi kubwa zaidi katika filamu. Dubwana likifukuza boti ndogo ya mbao iliyokuwa ikitegua mabomu ya majini, ni mapenzi ya kijana huyo tunayoyatazama yakipanda na kushuka.

Machi 2024, Hollywood, kazi yao ilipata tuzo ya Oscar ya athari za picha, ya kwanza ya aina hiyo kwa filamu ya Japani. Yamazaki, Kiyoko Shibuya, Masaki Takahashi na Nojima walipanda jukwaani wakiwa na sanamu za Godzilla mikononi na viatu vyenye kucha za dubwana miguuni. Yamazaki alifungua karatasi, akasoma kwa Kiingereza cha kujikaza, akieleza kwamba safari yake ilianza miaka 40 nyuma, alipoziona filamu zilizomshtua akiwa kijana. Muda uliwabana, muziki ulikuwa karibu kuwaondoa, naye alikuwa bado na jina moja: Shuji Abe, mtayarishaji wao aliyefariki Desemba iliyotangulia. Akalitaja, akamwambia wamefanikiwa.